Mashahidi Watatu wa Baiskeli Moja

Nilikaribia kumkosa mke wangu kwa sababu ya baiskeli. Nalisema mapema ili msije mkadhani namsifu tu kwa kuwa ni marehemu. Watu wa kwetu tuna tabia hiyo, mtu akishazikwa hata mchawi anageuka malaika. Huyu hakuwa malaika. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na ukali wake naujua mimi niliyekaa naye nyumba moja hadi nywele zetu zote zikawa nyeupe. Lakini kila nikikumbuka miaka ile ya hamsini, Thika na Ruiru, namshukuru Mungu kwanza na yeye wa pili, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nakosea mpangilio.

Nilitoka upande wa magharibi, karibu na ziwa, nikapata kazi Thika katika kiwanda cha magome ya miti. Magome yalichemshwa ili kutoa dawa ya kutengenezea ngozi, na sisi tuliokuwa tukiyabeba tulijulikana mjini kwa viganja vyetu, vyekundu kama vya wachinjaji. Sabuni haikusaidia kitu. Tulilala wanaume wanne katika chumba kimoja mtaa wa Makongeni, wote watu wa nyumbani. Tulikula sufuria moja, tukagombania kitanda cha dirishani, na tukatumia baiskeli moja.

Baiskeli ilikuwa yangu kwa jina. Kwa kazi ilikuwa ya chumba. Kwetu, kumnyima baiskeli mtu wa nyumbani mwenye safari ni kama kumnyima maji ya kunywa, na hakuna aliyethubutu, hata mimi niliyeinunua. Jumapili ilikuwa na sheria yake: atakayeamka kwanza ndiye mwenye baiskeli. Aliichukua bila kuuliza, na waliobaki walitembea kwa miguu au walikaa.

Nyuma yake, kwenye kile kipande cha mpira cha kuzuia matope, nilikuwa nimechora samaki mkubwa kwa rangi nyeupe, kwa kukumbuka ziwa. Toka Thika mpaka Ruiru hapakuwa na samaki mwingine aliyepanda baiskeli. Majirani zetu Wakikuyu, ambao siku zile wengi wao hawakuwa na habari na samaki mezani, walinicheka wakiuliza mbona nimechora nyoka mnene. Nilijiona maarufu. Sikujua umaarufu una ushuru wake.

Msichana wangu alikaa Ruiru. Baba yake, naye mtu wa kwetu aliyekuja zamani, alikuwa nyapara katika shamba la kahawa na mzee wa kanisa, na yeye binti alifundisha hesabu katika shule ya kanisa palepale shambani. Posa yangu ilikuwa imepokelewa. Kilichobaki ni wazee wa pande mbili kuketi na kupanga siku. Mzee alikuwa na sharti moja tu, na alinitajia siku ya kwanza kabla hata sijaketi: binti yake haolewi na mnywaji. Kaka mkubwa wa mzee mwenyewe alikuwa ameharibiwa na pombe mpaka wakamwokota amekufa mtaroni, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni hadi nyumbani. Sharti la namna hiyo halina mjadala. Nilimwambia kwamba pombe sinywi, na ilikuwa kweli.

Basi kukawa na Jumapili moja ya mkutano mkubwa wa kanisa pale Thika. Watu wa Ruiru walikuja wengi, wengine kwa lori, wengine kwa miguu, na wale waliotakiwa kuwa na vibali vya kusafiri wakiwa navyo mfukoni, maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari na askari hawakuwa na mzaha. Mzee alitazamia kuniona. Mimi sikutokea, na hakuna hata mmoja wa chumba chetu aliyetokea. Jumamosi iliyofuata nilipokwenda Ruiru kama kawaida yangu, mzee hakunipa kigoda.

"Kijana," akasema, "Jumapili ulikuwa kilabuni."

Kilabu ilikuwa ni ile nyumba ya pombe ya mjini, kando ya njia ambayo watu wa mkutano walipita wakienda na kurudi. Nikauliza kwa sauti ambayo haikunifaa kitu ni nani mwongo huyo. Akasema si mmoja, ni watatu, tena kila mmoja amekuja kwa wakati wake bila kuitwa. Wa kwanza ni mwinjilisti wa kanisa lao. Wa pili ni dada wa mzee mwenyewe, ambaye nyumba nzima ilimwita senge, yaani shangazi, na ambaye hadi juzi yake alikuwa akinipikia. Wa tatu ni mama mmoja Mkikuyu muuza ndizi, mtu wa kanisa kwelikweli, asiye na ugomvi nami wala undugu nao.

"Maandiko yanataka wawili au watatu," mzee akasema. "Mimi ninao watatu. Rudi Jumapili ijayo baada ya ibada, upewe neno lako la mwisho mbele yao. Sitaki useme nilikufukuza gizani."

Binti alinisindikiza hadi mwisho wa mistari ya kahawa. Mimi hasira zangu ziko karibu, ziko hapa shingoni, hazihitaji kupanda. Nikamgeukia nikaanza, "Nakuapia, siku ile mimi nili—"

"Usiniambie," akasema.

"Hutaki kujua?"

"Kama ulikuwa kilabuni, utasema hukuwepo. Kama hukuwepo, utasema hukuwepo. Sasa hilo neno nikilipata nitalipeleka wapi? Halipimi kitu."

Sijawahi kukasirishwa na mtu kama nilivyokasirishwa na msichana yule jioni ile. Nilitaka aniamini, anilie kidogo, anishike mkono. Yeye alisimama pale amekunja mikono, uso kama wa mtu anayekagua madaftari. Akaniuliza maswali mawili tu: kwamba ile baiskeli, tuko wangapi tunaoipanda. Nikamwambia wanne. Akauliza kama Jumapili kuna mwenye zamu. Nikamwambia ni ya anayeamka kwanza. "Haya, nenda," akasema. "Na wenzako usigombane nao."

Ushauri ulichelewa. Nilifika Makongeni nikawajia juu wote watatu. Waliapa mmoja mmoja, kwa mama zao, kwamba hakuna aliyekanyaga kilabuni. Mmoja alisema alikwenda mtoni, mwingine kwa binamu yake, wa tatu alisema hakumbuki. Kwa viapo vyao, baiskeli ilijiendesha yenyewe kwenda kunywa.

Yale aliyoyafanya binti wiki ile nilisimuliwa baadaye. Alimwendea kila shahidi peke yake, wala hakwenda kama mtu wa kubishana. Aliwaomba wamwambie kila kitu, kwani yeye ndiye anayeolewa. Mwinjilisti alisema nilikuwa nimevaa kofia. Senge alisema nilikuwa kichwa wazi, na koti refu. Mama wa ndizi alisema shati tu, mikono imekunjwa. Kuhusu baiskeli walikuwa kinywa kimoja: imeegemezwa ukutani, samaki mweupe nyuma, matope mpaka kwenye tumbo la samaki. Mama wa ndizi peke yake ndiye aliyemwita nyoka.

Jumapili ikafika. Tuliketi nyumbani kwa mzee, ndani, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Mama wa ndizi alikaa karibu na mlango, kwani vijiji vya Wakikuyu siku zile vilizungushiwa ua, na ilimpasa afike kwao kabla askari hawajafunga lango jioni. Mzee akaomba sala ndefu, akafungua macho, akanitazama kama anayetazama kaburi la kaka yake. Hapo niliogopa kwelikweli. Niliona namkosa, si kwa ubaya wa mtu yeyote, bali kwa wema wao wote.

Binti akainuka. Akaomba ruhusa ya baba yake awaulize wageni jambo moja. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Mwinjilisti," akasema, "samahani. Ulipopita pale kilabuni, ulitazama ndani?"

Mwinjilisti akashtuka. "Mimi? Mwanangu, mimi nikifika mahali pale macho yangu yako chini. Nimewafundisha nyinyi wenyewe hivyo."

Ni kweli, ndivyo waliookoka walivyofundishwa. Hukupita mlango wa kilabu ukitazama. Uliinamisha kichwa, ukakaza mwendo, ukaimba wimbo kimoyomoyo mpaka harufu iishe. Mtu wa kanisa lile kukiri mbele ya wenzake kwamba alichungulia ndani ilikuwa aibu kubwa kuliko kuanguka kwenye matope.

"Senge, na wewe?"

"Nitazame nini mle? Niliinama hivi," senge akasema, akaonyesha, kitambaa kikamshuka hadi puani.

"Mama?"

"Ngai! Mimi niangalie kirabu? Mimi naangalia chini tu, naona hiyo gurudumu, naona hiyo nyoka yake, nasema haiya, kumbe huyu kijana ako humu!"

Mwinjilisti alianza kusema juu ya kofia, kisha akaiacha kofia hewani.

Mzee akasema polepole, "Lakini wote watatu wanapatana."

"Wanapatana, baba. Watoto watatu wakikuletea saba mara nane, wote wakasema hamsini na nne, utafikiri nini?"

"Wametazamiana."

"Kwa nini?"

"Kukosea kuna njia nyingi. Hawawezi wote kuangukia shimo moja."

Senge akaja juu. "Unasema tumepanga uongo? Mimi niliyekubeba?"

"Hapana, senge. Hamkutazamiana. Nyote mmesema kweli ya macho yenu. Lakini nyote mmenakili mahali pamoja, kwenye baiskeli. Pale ambapo hapakuwa na pa kunakili, kwenye mtu mwenyewe, mmoja ana kofia, mmoja hana, mmoja ana koti, mmoja ana shati. Kama mngemwona mtu, mngepatana juu ya mtu."

Akaenda jikoni, akarudi na kikapu kidogo. Akatia punje moja ya hindi na maharagwe matatu, mbele ya macho yetu. Akasema hindi ni huyu kijana na maharagwe ni wenzake wa chumbani, na Jumapili baiskeli inakwenda na mmoja wao, hakuna ajuaye nani. Akamwambia baba yake atie mkono bila kutazama. Mzee, ambaye maisha yake yote alitia mkono katika magunia ya kahawa kukagua mavuno ya watu, alitia bila kubisha. Akatoa haragwe, akalishika kiganjani.

"Mwinjilisti, unaona nini?"

"Haragwe."

"Senge?"

"Haragwe."

"Mama?"

"Ni mboco, si naiona."

"Mashahidi watatu. Je, baba ameshika maharagwe matatu?"

Mama wa ndizi alicheka peke yake, akajizuia.

"Kama kila mmoja wenu angetia mkono wake," binti akaendelea, "punje zikirudishwa kila mara, na kila mmoja akatoa hindi, hapo ningeshtuka. Mara ya kwanza ni robo. Mara ya pili ni robo ya robo. Mara ya tatu ni moja katika sitini na nne, na mimi mwenyewe ningemwonyesha kijana huyu njia ya kurudi Thika. Lakini mkono ulitiwa mara moja tu, asubuhi ile, Makongeni. Nyinyi mlitazama kilichotoka. Hata mngepita pale mia, mngetazama punje ileile. Ni robo, baba. Haiongezeki kwa kutazamwa."

Nilitaka kupiga makofi. Namshukuru Mungu sikupiga, kwa sababu mzee hakuwa amemaliza. Alikuwa mtu wa shamba, lakini hakuwa mtu wa kudanganywa na kikapu. Alizungusha lile haragwe kati ya vidole vyake, kisha akasema:

"Robo si sifuri."

"Si sifuri."

"Ukiambiwa kati ya safari nne lori litapinduka moja, utapanda?"

"Sipandi."

"Basi hujaniambia kwamba hakuwa yeye."

"Sijasema hakuwa yeye, baba. Nimesema hawa hawakumwona. Hayo ni mambo mawili, na la kwanza hesabu hailifikii." Sauti yake, ambayo mpaka hapo ilikuwa ya darasani, ilibadilika. "Hesabu imenifikisha hapo tu. Hiyo robo iliyobaki nitaibeba mimi. Siiweki kwako wala kwa senge. Ni yangu."

Mzee alimtazama. Sijui aliona nini. Labda alimwona mtu mwingine anayejua uzito wa kubeba. Akalirudisha haragwe kikapuni, akasema ndizi za mama zipokelewe kabla hazijalowana na asindikizwe na mtu mpaka langoni kwao, halafu akanielekezea kigoda kwa mguu. Nikaketi. Ndivyo nilivyopata mke.

Senge alininunia mpaka siku ya harusi, kisha akacheza kuliko wote. Mwinjilisti alitufungisha ndoa na akahubiri juu ya ulimi, asigeuze macho upande wetu hata mara moja. Naye ni mtu mwema, aliyatunza macho yake. Mama wa ndizi alileta mkungu mzima na hakutaka malipo. Na wale wenzangu watatu walikula wali wangu kwa uso mkavu. Mpaka leo sijui ni nani kati yao. Wote wamekufa wakikana, na nimewazika wote kwa heshima, ingawa mmoja wao nilimpunguzia wimbo.

Mke wangu hakuniuliza. Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwa ajili yake. Tulizaa, tukalea, tukahama Thika, tukarudi nyumbani ziwani, tukagombana kwa mengi, na nina ulimi mbaya nikigombana, lakini hata siku moja hakunirushia kilabu. Nilikuwa nangoja. Miaka ya kwanza nilingoja kwa kiburi: akiniuliza nitamjibu kwa ukali. Baadaye nikangoja kwa aibu. Kuna usiku nilitaka kumwamsha nimwambie, nikakumbuka ile jioni ya kahawa: halipimi kitu. Mwenye hatia angeapa, asiye na hatia angeapa. Nikalala. Nilipoelewa jinsi alivyoishi, kwamba kila asubuhi alinipikia uji akijua yawezekana amempikia mwongo, na bado akapika, nilijua kwamba nimependwa kuliko watu wanaoaminiwa bure.

Mwaka wake wa mwisho miguu ilikataa. Nilimtoa nje kila asubuhi nikamketisha mahali jua linapopiga, nami nikaketi kando kumchambulia mboga, kazi ambayo alisema naifanya vibaya. Siku moja, bila kugeuka, akaniuliza:

"Siku ile ulikuwa wapi?"

Sikuuliza siku gani. Kisu kilisimama mkononi mwangu. "Leo ndiyo unauliza?"

"Leo. Siku ile jibu lako lilikuwa na cha kununua. Sasa nimezeeka, siwezi kukuacha hata ukisema ulikuwa kilabuni ukicheza juu ya meza. Halina cha kununua tena. Sasa naweza kuliamini."

Nikamwambia. Nilikuwa chumbani, Makongeni, nimejifunika blanketi. Nilikuwa na shati moja jeupe duniani, nililolificha mbali na magome ili baba yake anione mkutanoni nikiwa safi. Asubuhi ile niliamka kulipiga pasi ya makaa, na kwa haraka ya kutaka kupendeza nikaiacha pasi kifuani mwa shati. Lilibaki tundu la umbo la pasi, jeusi, mahali pa moyo. Mashati mengine yote yalikuwa mekundu ya kazini. Niliona aibu kumtokea mkwe vile, nikarudi kitandani, na nilipoinuka kutazama, baiskeli haikuwepo. Wenzangu walikuwa wamekwishatoka, na siku nzima nilishinda pale peke yangu, mtu mzima, nikililia shati. Hakuna aliyeniona, na hata kama ningemwambia baba yake, nani angeamini kisa cha kipumbavu vile.

Alicheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Kisha akaufungua mkono wake juu ya goti, akautazama kama kulikuwa na kitu ndani yake.

"Haya," akasema. "Basi ile robo naitua."